Mkubwa Hula Baada ya Askari Wake

Wahenga walituachia methali mbili ambazo kila mwenye cheo yafaa azipime kwa pamoja. Ya kwanza yasema: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ya pili yasema: chanda chema huvikwa pete. Aghalabu wakubwa huikumbuka ile ya kwanza, wakaisahau ya pili. Sajini huogopa kumsifu kuruta asije akavimba kichwa. Mkuu wa kituo cha polisi hukiona kitabu cha matukio kimeandikwa vizuri kwa miezi sita asiseme neno, na siku ya kosa moja sauti yake husikika hadi nje ya ua. Nyumbani nako baba hula chakula kilichopikwa vyema akanyamaza, lakini chumvi ikizidi kidogo hata majirani hujua.

Ndugu wasomaji, makala haya yana neno moja la kusema. Kuwatia moyo watu walio chini yako ni kazi kamili ya uongozi, yenye hatua zake na taratibu zake, kama ilivyo kazi ya kusafisha bunduki au kulinda lango. Anayeifanya kazi hiyo hapunguzi heshima yake wala hailegezi amri. Na anayeiacha hulipa gharama yake, ijapokuwa pengine hailipi siku ile ile.

Ili tusiseme maneno matupu, tutatazama mfano mmoja kutoka vitani, mahali ambapo moyo wa mtu hupimwa kuliko popote pengine. Mfano huu hauko mbali nasi kama unavyodhaniwa. Vijana kutoka Uganda, Kenya, Tanganyika na Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, walikuwamo ndani yake. Wengi wao ni babu zetu.

Jeshi lililosahauliwa

William Slim alizaliwa Uingereza mwaka 1891. Hakutoka katika ukoo wa wenye mali. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa vyuma ambaye biashara yake ilianguka. Kijana Slim alifundisha watoto wa maskini katika shule ya msingi mjini Birmingham, kisha akawa karani katika kampuni ya vyuma. Alipata uofisa vita vikuu vya kwanza vilipoanza mwaka 1914, akajeruhiwa, akapona, na baadaye akahamia jeshi la Uhindi. Huko alijifunza Kiurdu na Kigurkhali, akaweza kusema na askari wake pasipo mkalimani.

Mwezi wa Machi 1942 alikabidhiwa majeshi yaliyokuwa yakishindwa katika nchi ya Burma, ambayo siku hizi huitwa Myanmar. Wajapani walikuwa wamekwisha kuuteka mji mkuu wa Rangoon. Kazi iliyobaki ilikuwa kuwatoa watu waliochoka, kwa njia ya maili zipatazo 900, hadi mpaka wa Uhindi. Walifika mwezi wa Mei, mvua za masika zikianza. Nguo zao zilikuwa matambara na wengi walikuwa wagonjwa, lakini walikuwa na bunduki zao mikononi, na walitembea wakiwa vikosi, si kundi la wakimbizi. Hata hivyo walipokelewa kwa ubaridi. Hapakuwa na makazi ya kuwakinga na mvua, na wengine waliowapokea waliwatazama kana kwamba kushindwa kulikuwa kosa la askari. Slim hakulisahau jambo hilo maisha yake yote.

Mwaka 1943 hali ilikuwa mbaya bado. Askari wengi waliamini kwamba msituni Mjapani hashindiki. Silaha mpya na vifaa vipya vilipelekwa kwanza Ulaya. Barua za nyumbani zilichelewa. Magazeti yalisimulia vita vya kwingine. Wenyewe walijiita Jeshi Lililosahauliwa. Oktoba mwaka huo Slim aliwekwa kuwa mkuu wa jeshi hilo, ambalo lilipewa jina la Jeshi la 14. Lilikuwa na watu laki kadhaa, wenye lugha nyingi na dini nyingi: Wahindi, Wagurkha, Waingereza, Waafrika wa Mashariki na wa Magharibi.

Mtu mwingine angeanza kwa kuomba vifaru na ndege. Slim aliviomba pia, lakini alijua havitafika upesi. Akaanza na kile alichokuwa nacho, yaani mioyo ya watu wale.

Mtu na ajue kazi yake yafaa nini

Slim alikaa akajiuliza: moyo wa askari hujengwa juu ya nini? Jibu aliloliandika baadaye katika kitabu chake kilichotolewa mwaka 1956 lilikuwa na nguzo tatu. Kwanza ni nguzo ya roho: mtu aamini kwamba shabaha yao ni kubwa na njema, na kwamba sehemu yake yeye, hata ikiwa ndogo, inagusa shabaha hiyo. Pili ni nguzo ya akili: aone kwamba jambo hilo lawezekana, na kwamba wakubwa wake wanajua wanalofanya. Tatu ni nguzo ya vitu: apate silaha bora zinazopatikana, chakula, dawa, na kutendewa kwa haki.

Msomaji atagundua kwamba vitu vimewekwa mwisho. Si kwa sababu havina maana. Ni kwa sababu jeshi lile lilikuwa na vitu vichache sana, na watu wenye moyo waliweza kuvumilia uchache huo walipoambiwa kweli juu yake.

Basi Slim akawa mtembezi. Alikwenda kikosi hadi kikosi, akasimama juu ya gari dogo au sanduku, akasema na watu kwa maneno mepesi. Hakuwadanganya kwamba vifaa vitafika kesho. Aliwaeleza kwa nini havijafika, ni vipi vitakavyofika, na watafanya nini kwa sasa. Aliwaagiza maofisa wake wafanye vivyo hivyo, wala wasiishie kwa wapiganaji wa mstari wa mbele. Karani anayehesabu mizigo ghalani, mtu wa jembe anayetengeneza barabara katika mvua, mwenye kushika simu usiku, na mfagiaji wa kambi, wote walipaswa kuelezwa jinsi kazi yao inavyomfikia mwenzao aliye handakini. Karani asiyejua kwamba sanduku analolihesabu ni la dawa ya watu waliozingirwa, mwisho huona hesabu ni hesabu tu. Akishajua, huihesabu mara mbili.

Hapa pana funzo la kwanza kwa mkubwa yeyote. Kabla ya kumsifu mtu, mweleze. Sifa isiyo na maelezo ni kama pipi kwa mtoto. Lakini mtu akielewa kazi yake yafaa nini, hupata cha kujivunia hata siku ambayo hakuna wa kumsifu.

Ushindi mdogo kwanza

Funzo la pili ni la wale wanaowalea kuruta na watumishi wapya. Slim aliona kwamba askari aliyeshindwa mara mbili hawezi kuponywa kwa hotuba. Huponywa kwa kushinda. Basi mwanzoni yalipangwa mashambulio madogo, kwa makusudi, yasiyoweza kushindwa. Alama ya kombania moja ya adui ilishambuliwa na brigedi nzima yenye mizinga na ndege. Kituo cha platuni kilishambuliwa na batalioni. Doria za msituni ziliandaliwa kwa uangalifu, zikarudi na habari za mafanikio, na habari hizo zikasimuliwa kambini.

Mtu angeweza kucheka na kusema huko ni kuua nzi kwa rungu. Lakini Slim alikuwa akinunua kitu kisichouzwa dukani. Baada ya miezi michache askari wale wale walikuwa wakisema: tumekwisha kuwapiga mara moja, tutawapiga tena. Kuanzia Machi hadi Julai 1944, Wajapani waliposhambulia Imphal na Kohima kwa nguvu zao zote, askari hao walisimama imara, na adui akarudi nyuma akiwa amevunjika.

Ni mara ngapi sisi hufanya kinyume? Kijana anafika kituoni wiki ya kwanza, tunampa kesi iliyowashinda wazee, akikosea tunamcheka mbele ya wenzake. Kisha tunashangaa kwamba mwaka mzima hajitolei kwa lolote. Mpe kwanza kazi anayoweza kuimaliza. Simama karibu. Akimaliza, mpe kubwa zaidi kidogo. Haba na haba hujaza kibaba, na moyo wa kazi nao ni kibaba.

Nusu posho kwa wote

Njia za kupeleka chakula zilikuwa mbaya, na mara nyingine vikosi vya mbele vilipunguziwa posho hadi nusu. Slim alitoa amri kwamba ikiwa kikosi chochote cha mbele kinakula nusu posho, basi na makao makuu yake yatakula nusu posho. Mwenyewe alikiri kwamba tendo hilo lilikuwa na uigizaji ndani yake, kwa maana chakula kilichookolewa makao makuu kilikuwa kidogo. Lakini vijana maofisa wa makao makuu, wenye matumbo yanayonguruma, hawakuhitaji kukumbushwa kwamba malori ya chakula yanapaswa kuondoka upesi.

Katika hotuba zake kwa maofisa alilisema jambo hilo waziwazi: ofisa hatakula, hatakunywa, hatalala, wala hata kuketi, mpaka ameona kwa macho yake kwamba watu wake wamekwisha kupata hayo. Akifanya hivyo, watu wake watamfuata popote. Asipofanya, Slim aliahidi kumvunja. Katika ahadi hiyo upole na ukali vinakaa pamoja, na hapo ndipo watu wengi hawamwelewi mkubwa mwema.

Kutia moyo si kulegeza amri

Adui mkubwa kuliko wote Burma hakuwa Mjapani, alikuwa mbu. Mwaka 1943, kwa kila mtu mmoja aliyeondolewa vitani kwa jeraha, watu 120 waliondolewa kwa ugonjwa, na malaria ilikuwa ya kwanza. Mgonjwa alisafirishwa mbali hadi Uhindi, na miezi mingi ikapita kabla hajarudi.

Slim alifanya mambo mawili. La kwanza lilikuwa la huruma na akili: hospitali ndogo za malaria zilijengwa karibu na mstari wa mbele, mgonjwa akatibiwa hapo hapo, akarudi kwa wenzake baada ya wiki chache. La pili lilikuwa la amri. Kila mtu alitakiwa kumeza kidonge cha mepakrini kila siku, na kushusha mikono ya shati na kuvaa suruali ndefu jua linapotua. Askari wengi hawakutaka kumeza, maana ulienea uvumi kwamba kidonge kile huondoa nguvu za kiume. Ikabidi maofisa waeleze tena na tena. Kisha Slim akaamuru vikosi vizima vipimwe kwa ghafula. Ikiwa watu walioonekana kumeza dawa hawakufika 95 katika kila mia, mkuu wa kikosi alifukuzwa kazi. Aliwafukuza watatu tu, na wengine wote wakaelewa. Kufikia mwaka 1945 wagonjwa walikuwa wamepungua hadi mtu mmoja katika kila elfu kwa siku.

Tuangalie vizuri nani aliyeadhibiwa. Hakuwa askari wa mwisho aliyetupa kidonge kichakani. Alikuwa mkubwa ambaye hakuwaeleza watu wake na hakuwafuatilia. Mkubwa anayewajali walio chini yake hupima kazi yao. Na hapa ile methali ya mgema inapata maana yake kamili. Mgema yule alisifiwa, kisha hakuna aliyeonja tembo lake siku ya pili. Tatizo halikuwa sifa. Tatizo lilikuwa kusifu na kuondoka. Anayesifu leo na kuonja tena kesho hatiliwi maji.

Babu zetu katika Bonde la Kabaw

Baada ya ushindi wa Imphal, adui alipaswa kufuatwa hata katika masika. Kazi hiyo, katika Bonde la Kabaw, ilipewa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye batalioni za KAR. Kuanzia Agosti 1944 walisonga mbele katika matope, katika bonde ambalo watu walilipa jina la Bonde la Mauti kwa ajili ya homa zake. Magari yalizama. Chakula kiliangushwa kwa ndege. Tarehe 2 Desemba 1944 waliingia Kalewa, kando ya mto Chindwin, na siku chache baadaye wahandisi walikamilisha daraja la vyuma lenye urefu wa zaidi ya futi 1,100. Juu ya daraja hilo jeshi likavuka kwenda Mandalay, na mwezi wa Mei 1945 Rangoon ikawa imekombolewa.

Watu hao waliamriana, walitaniana na kufarijiana kwa Kiswahili. Mganda wa kaskazini, Mkamba na Mnyamwezi waliweza kulala handaki moja kwa sababu ya lugha hiyo. Magazeti ya Kiswahili yaliandikwa kwa ajili yao, kwa maana wakubwa waligundua kwamba askari aliye mbali na kwao hula habari za nyumbani kama chakula. Aliyepata barua kwamba mkewe ni mzima na shamba limelimwa alisimama lindo vizuri. Asiyepata barua kwa miezi mitatu alisimama lindo mwili tu, roho yake ikiwa imekwisha kurudi kijijini. Jambo hilo halijabadilika hadi leo, na wake wa askari wanalijua kuliko sisi.

Sifa pasipo haki

Hata hivyo tusiupambe mfano huu kupita kiasi. Slim alikuwa mkuu wa jeshi moja, na jeshi hilo lilikuwa la dola la kikoloni. Askari Mwafrika wa KAR alilipwa mshahara mdogo kuliko Mzungu aliyesimama karibu naye, na milango ya uofisa ilikuwa imefungwa mbele yake. Aliweza kufikia usajini, au kuamuru platuni kwa cheo kilichobuniwa ili asiitwe ofisa, na hapo ndipo ngazi ilipokatika. Hapa Uganda askari wa kwanza wazalendo walipewa uofisa mwaka 1961, mwaka uliotangulia ule wa Uhuru.

Vita vilipokwisha walisifiwa. Walipewa medali na mikono ya kwaheri. Kisha walirudi katika nchi ambazo ardhi, kazi na vyeo viligawanywa kwa rangi ya ngozi. Koplo mmoja wa Kenya aliyepigana Burma, Waruhiu Itote, aliingia katika harakati za Mau Mau akajulikana kwa jina la Jenerali China. Alikamatwa mwezi wa Januari 1954 baada ya kujeruhiwa. Kenya ilipopata Uhuru alikuwa mmoja wa viongozi wa jeshi la vijana wajenga taifa. Mambo mengi yalimsukuma kwenda msituni, lakini moja alilieleza mwenyewe katika maandishi yake: alikuwa amepigana kwa ajili ya uhuru wa wengine, akarudi asiuone wake.

Funzo ni chungu, nalo linatuhusu sisi tulio huru. Maneno mazuri huzaa matumaini. Ukimwambia mtu kila siku kwamba kazi yake ni bora, halafu kila mwaka cheo kinakwenda kwa jamaa ya mkubwa, au likizo zinatolewa kwa upendeleo, maneno yako yanageuka kuwa dhihaka. Afadhali mkubwa mkali mwenye haki kuliko mkubwa mwenye tabasamu na mizani iliyopinda.

Kambini na kituoni leo

Basi afanyeje sajini, koplo, mkuu wa kituo au ofisa kijana anayesoma gazeti hili? Hana jeshi la watu laki kadhaa. Ana watu wanane, au kumi na watano. Hiyo ni nafuu yake, kwa maana anaweza kuwajua wote.

Kwanza, awajue. Ajue nani ana mke aliyejifungua, nani analipa karo za wadogo zake, nani anasoma jioni ili apande cheo. Kujua si upelelezi. Ni kumwuliza mtu, “Koplo, nyumbani hawajambo?” kisha kusubiri jibu.

Pili, asifu jambo lenyewe. Kusema “kazi nzuri, endelea” hakumfunzi mtu kitu. Lakini mkuu wa kituo akisema mbele ya gwaride la asubuhi, “Ule mchoro wa mahali pa ajali aliouleta konstebo umeonyesha alama za magurudumu na kipimo cha kila upande, na mahakamani haukuwa na ubishi,” basi konstebo amelipwa, na waliobaki wamejua mchoro mzuri ni upi.

Tatu, akaripie faraghani. Kosa linalohatarisha maisha hukatizwa pale pale, hata kwa sauti kubwa. Lakini makosa mengine yangoje ofisini, mlango ukiwa umefungwa. Aulize kwanza: “Ilikuwaje?” Mara nyingine atajibiwa, “Afande, nilikuwa hospitali na mtoto usiku kucha.” Adhabu iliyotolewa kabla ya swali hilo haiwezi kurudishwa. Na asimtukane mtu kwa kabila lake, wazazi wake au umbo lake. Askari husahau adhabu ya kwata, hasahau tusi.

Nne, orodha ya zamu na ya likizo iwekwe ubaoni, kila mtu aione. Ubao ulio wazi huzima minong’ono mingi kuliko hotuba kumi.

Tano, akubali mashauri kutoka chini. Mtu wa lindo ndiye anayejua taa ipi haiwaki. Akisema na taa ikatengenezwa, wiki ijayo atasema jambo kubwa zaidi. Akisema na kufokewa, atanyamaza, na siku ya hatari atanyamaza vilevile.

Sita, asiwafiche watu habari mbaya. Mshahara ukichelewa au uhamisho ukija, waambiwe na mkubwa wao kabla hawajaambiwa na soko.

Na ndani ya nyumba

Kurasa hizi ni za jamaa nzima, kwa hiyo hatuwezi kumaliza tukiwa kambini. Nyumba nayo ina wakubwa na wadogo, na hasira ya kazini hupenda kurudi nyumbani na mwenye nayo. Mtu aliyefokewa siku nzima humfokea mkewe jioni, mke akamfokea mfanyakazi wa nyumbani, na mfanyakazi akamfinya mtoto. Mnyororo huo huanzia mbali, na yeyote aliyemo ndani yake anaweza kuukata.

Mama mwenye mfanyakazi wa nyumbani ni kiongozi kama sajini. Binti huyo pengine ana miaka ishirini, ametoka kijijini, na hajawahi kuona jiko la gesi. Usimwambie mara moja mambo kumi. Mwonyeshe moja, afanye mbele yako, umwache afanye peke yake, kisha ulitazame. Mweleze kwa nini maji ya mtoto huchemshwa, naye atayachemsha hata ukiwa safarini. Mlipe siku mliyoagana, fedha kamili. Apate siku ya kupumzika, na asile makombo katika nyumba ambayo yeye ndiye mpishi. Akivunja sahani, ni sahani. Akisema uongo, hilo ni shauri la kuzungumzwa kwa makini, nyinyi wawili.

Baba naye, anapovua mkanda na kofia, avue na sauti ya kwata. Mtoto anayeleta daftari lenye makosa manne na majibu sahihi kumi na sita aonyeshwe kwanza yale kumi na sita, kisha wakae pamoja juu ya yale manne. Hapo hakuna kudekeza. Makosa manne yanasahihishwa yote, lakini yanasahihishwa na mtoto asiyetetemeka.

Kazi ya wiki hii

Wako watakaosema: haya yote ni mema, lakini mimi nina kazi nyingi, sina nafasi ya kubembeleza watu. Tumwulize mtu huyo anatumia saa ngapi kwa wiki kusikiliza mashitaka, kutafuta waliotoroka zamu, kurudia kazi iliyofanywa ovyo, na kufundisha wapya badala ya waliohama kwa uchungu. Saa hizo ndizo bei ya kutowatia watu moyo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukipata nafasi jioni moja wiki hii, chukua karatasi uandike majina ya wote walio chini yako, kazini na nyumbani. Mbele ya kila jina andika mambo matatu: kazi anayoifanya vizuri, shida inayomsumbua kwa sasa, na siku ya mwisho uliyomshukuru kwa jambo maalumu. Ukiona mahali huna la kuandika, usitafute kisingizio. Kesho asubuhi anza na jina hilo.